Uozo wa Ulaya katika riwaya ya Conrad, na ushahidi ambao Lubumbashi iliuandika kwa Kiswahili

Lubumbashi. Mwaka 1899 jarida moja la Uingereza lilianza kuchapisha hadithi ya baharia anayepanda mto mkubwa barani Afrika kumfuata wakala wa pembe za ndovu aliyesifiwa Ulaya kama mbeba mwanga wa ustaarabu. Baharia huyo anapokaribia na kuitazama nyumba ya wakala kwa darubini, anadhani miti iliyosimikwa mbele yake imetiwa mapambo. Akitazama vizuri, anagundua kuwa ni vichwa vya watu.

Wakala huyo anaitwa Kurtz na riwaya ni Heart of Darkness ya Joseph Conrad, mmoja wa waanzilishi wa riwaya ya mkondo wa usasa. Kwa miongo mingi imesomwa vyuoni kama moja ya picha kali zaidi za kuporomoka kwa maadili ya jamii ya Ulaya.

Lakini katika Lubumbashi, mji wa shaba ulio kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hilo halikuwa la kubuni. Miaka minane kabla ya hadithi hiyo kutoka, mtawala wa Katanga aliuawa na watu wa msafara wa Wazungu, na kichwa chake kikatundikwa mtini. Baadaye, watu waliopika, kufua na kulea watoto katika nyumba za Wazungu wa mji huo walieleza wenyewe, kwa Kiswahili, walichokiona.

Baharia aliyekosa safari ya Katanga

Conrad alizaliwa mwaka 1857 huko Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine, katika familia ya Kipolandi iliyoishi chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alipelekwa uhamishoni kwa sababu za kisiasa, na mtoto akaenda naye. Kabla hajawa mwandishi wa Kiingereza, alikwishajua maana ya kutawaliwa.

Juni 1890 alifika Boma akiwa ameajiriwa na kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda meli ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges hadi Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Wakati wa kurudi, meli ilimbeba wakala mgonjwa wa kampuni, Georges-Antoine Klein, ambaye alifia njiani. Conrad mwenyewe aliugua homa na kuhara damu, na kabla ya mwaka mmoja kupita akawa amerejea Ulaya, ingawa mkataba wake ulikuwa wa miaka mitatu.

Alikuwa na matumaini ya kupewa uongozi wa meli katika safari ya uchunguzi ya Alexandre Delcommune, Mbelgiji aliyeondoka Kinshasa mwaka huohuo kuelekea Katanga kutafuta madini. Lakini meneja wa kampuni, Camille Delcommune, ndugu yake Alexandre, hakuelewana na baharia huyo, na nafasi haikupatikana.

Conrad hakuiona Katanga kamwe. Hata hivyo, wachambuzi wengi wanaamini kuwa msafara ule ndio uliompa picha ya kundi la wasaka hazina linalopita katika riwaya yake: wanaume wenye maneno mengi na tamaa kubwa, ambao nia yao haina tofauti na ya wezi wanaovunja sanduku la fedha. Wanaingia msituni na punda wao, kisha habari zinakuja kwamba punda wote wamekufa. Kuhusu wenye punda, msimulizi hajishughulishi hata kuuliza.

Mtoto wa Ulaya nzima

Kinachofanya riwaya hiyo ihesabiwe kuwa shtaka dhidi ya Ulaya ni jinsi Kurtz alivyoumbwa. Hakuwa jambazi aliyekimbia kwao. Alikuwa msomi, mchoraji, mpenda muziki na msemaji hodari. Mama yake alikuwa nusu Mwingereza, baba yake nusu Mfaransa. Conrad anamwonyesha kama zao la bara zima.

Kurtz ameandika ripoti ndefu yenye maneno mazuri kuhusu wajibu wa Mzungu kumwinua Mwafrika. Mwishoni mwa ripoti hiyo, kwa mwandiko wa mkono uliotetemeka, ameongeza sentensi moja ya kutaka watu haohao waangamizwe wote. Hapo ndipo penye kiini cha riwaya. Maneno mazuri hayakuuzuia ukatili. Yaliufunika tu, hadi siku ambayo hapakuwa tena na mtu wa kumtazama mwenye kuyasema.

Uozo huo hauanzii msituni. Msimulizi, Marlow, anauona kwanza katika mji wa Ulaya wenye makao makuu ya kampuni, mji anaoufananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa yanayotajwa katika Injili. Nje ni nyeupe, ndani ni mifupa. Makarani wake ni wapole, daktari wake anapima mafuvu ya wanaoondoka, na hakuna anayeuliza pembe zinapatikanaje. Mwishoni, Marlow anarudi mjini humo na kumdanganya mchumba wa Kurtz kuhusu maneno ya mwisho ya marehemu. Jamii inayoishi kwa uongo inapewa uongo mwingine ili iendelee kulala usingizi.

Vichwa juu ya miti navyo havikutoka hewani. Miaka ya 1890, ofisa wa Kibelgiji Léon Rom alijulikana kwa kupamba bustani ya maua mbele ya nyumba yake huko Stanley Falls kwa vichwa 21 vya watu waliouawa. Habari hiyo ilichapishwa katika magazeti ya wakati huo, kabla Conrad hajaanza kuandika.

Bunkeya, Desemba 1891

Wakati Conrad akiuguza mwili wake Ulaya, msafara mwingine ulikuwa ukijiandaa Zanzibar. Uliongozwa na Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, aliyeajiriwa na Kampuni ya Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Walikuwamo Wazungu wachache na watu zaidi ya 300, wengi wao wapagazi na askari kutoka Zanzibar na mwambao, wazungumzaji wa Kiswahili.

Walikuwa wanamfuata Msiri, mtawala wa Wayeke mjini Bunkeya. Naye alikuwa mtu wa kutoka mashariki: asili yake ni upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, na ukoo wake ulifika Katanga kwa biashara ya shaba na pembe. Hakuwa malaika. Alijenga dola yake kwa bunduki na kwa biashara ya watumwa. Lakini alikataa kuipokea bendera ya Leopold.

Msafara ulifika Bunkeya katikati ya Desemba 1891. Tarehe 20 mwezi huo, Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alitumwa kumkamata Msiri. Alimpiga risasi na kumuua, naye Bodson pia akauawa. Kwa maelezo ya Mfaransa mmoja aliyekuwa katika msafara, Marquis de Bonchamps, kichwa cha Msiri kilikatwa na kutundikwa juu ya mti mahali pa wazi, ili kiwe fundisho kwa watu wake. Miongoni mwa Wayeke simulizi za kichwa hicho, na kwamba kilibebwa na wageni, zimeendelea kupokezwa hadi vizazi vya leo.

Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Stairs naye alikufa mwaka 1892 akiwa njiani kurudi, huko Chinde, Msumbiji. Katanga ikabaki mikononi mwa Leopold.

Hakuna haja ya kudai kwamba Conrad alimchora Kurtz kutokana na Bunkeya. Inatosha kuona kwamba mambo ambayo msomaji wa London aliyachukua kama ndoto mbaya ya msanii, kwa mtu wa Katanga yalikuwa kumbukumbu ya familia.

Simba wa Ulaya

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, mji wa Elisabethville ukaanzishwa mwaka huohuo na kupewa jina la malkia wa Ubelgiji, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Mji ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika katika mitaa yao, na katikati pakaachwa ukanda mtupu wa kuwatenganisha.

Lakini ukanda huo ulivukwa kila alfajiri. Maboi, yaani watumishi wa nyumbani, waliingia jikoni, sebuleni na vyumbani mwa mabwana. Waliwaona wakiwa wamelewa, wakigombana na wake zao, wakilia kwa homa. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kuketi karibu hivyo na jamii ya wakoloni.

Katika mji huo, hasa miaka ya 1940, ulienea uvumi wa batumbula. Watu walisimuliana kwamba usiku kuna watekaji wanaowanasa Waafrika na kuwapeleka kwa Wazungu, ambako hunenepeshwa na kuliwa. Wazungu hao waliitwa simba bulaya, simba wa Ulaya. Wasomaji wa Kenya na Tanzania watakumbuka mara moja hadithi za mumiani.

Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote aliliwa, na wanahistoria hawausomi uvumi huo kama taarifa ya tukio. Wanausoma kama hukumu. Migodi ilimeza vijana na kuwarudisha wamechoka, au haikuwarudisha kabisa, nayo mitaa ya mabwana ilizidi kunawiri. Watu walihitaji lugha ya kueleza hali hiyo, wakaipata.

Uvumi huo unaigeuza picha ya Conrad. Katika riwaya yake, wala watu ni Waafrika wanaofanya kazi katika meli, na Marlow anastaajabu kwamba, pamoja na njaa yao, wanajizuia wasiwale Wazungu waliomo. Kurtz, msomi wa Ulaya, ndiye asiyeweza kujizuia. Conrad alikaribia kabisa kusema nani mla watu wa kweli. Mitaa ya Elisabethville ilisema bila kuzunguka.

Desemba 1941, wakati mataifa washirika yakipigana na Hitler kwa jina la uhuru na shaba ya Katanga ikihitajika vitani, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira mjini. Makumi waliuawa, akiwamo kiongozi wao, Léonard Mpoyi.

Boi anashika kalamu

Mwaka 1975 mwandishi Chinua Achebe wa Nigeria alitoa mhadhara nchini Marekani uliobadilisha namna ya kumsoma Conrad. Hoja yake ilikuwa kwamba riwaya hiyo, pamoja na hasira yake dhidi ya ukoloni, inaifanya Afrika kuwa pazia tu nyuma ya jukwaa ambalo Mzungu mmoja anapotelea. Waafrika waliomo karibu hawasemi kitu. Ni mikono, macho na kelele.

Watetezi wa Conrad hujibu kwamba maoni ya Marlow si ya mwandishi, na kwamba kwa mwaka 1899 kuishtaki Ulaya hivyo kulihitaji ujasiri. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini miaka 10 kabla ya mhadhara wa Achebe, Lubumbashi ilikwisha kujibu kwa njia yake.

Mwaka 1965, André Yav, aliyewahi kuwa boi, aliandika historia ya mji kwa niaba ya watumishi wenzake wa zamani. Aliipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini maandishi yenyewe ni Kiswahili cha Katanga, kile ambacho Wazungu huitwa bazungu na sentensi hufuata mwendo wa mazungumzo ya barazani. Yalipigwa chapa kwa mashine ya ofisini na kunakiliwa, si kuchapishwa na kampuni ya vitabu.

Yav anaanzia enzi za Leopold na Msiri, anapita ujenzi wa mji na migodi, na kufika kwenye maisha ya watumishi: mishahara, adhabu, majina ya utani waliyopewa mabwana. Tarehe zake haziafikiani daima na za kumbukumbu za serikali, na baadhi ya matukio yamechanganywa. Thamani yake iko penginepo. Ndani yake mtumishi ndiye anayemchunguza bwana, si kinyume chake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Ulaya juu ya turubai

Fabian huyohuyo alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974, Tshibumba alimchorea mfululizo wa picha takriban 100 kuhusu historia ya nchi, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka.

Zimo picha za Msiri, za wafungwa wakichapwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji, za wagomaji wa 1941. Kilele chake ni Patrice Lumumba, ambaye kifo chake Tshibumba alikichora kwa mfano wa mateso ya Yesu, na misalaba mitatu ikionekana kwa mbali.

Lumumba aliuawa nje ya mji huu, usiku wa Januari 17, 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, Katanga ikiwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Siku chache baadaye, ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, aliikata miili hiyo na kuiyeyusha kwa tindikali, akabaki na meno. Ilipofika Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha jino moja kwa familia, nalo likapitishwa Shilatembo, mahali pa mauaji, kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Mtu anayehifadhi jino la waziri mkuu aliyeuawa kwa miongo kadhaa, kama kumbukumbu ya kazi, angefaa kabisa kuwa mhusika wa Conrad. Tofauti ni kwamba hakuwa peke yake katikati ya msitu. Alirudi kwao na kuishi hadi uzeeni kama raia wa kawaida.

Habari za Tshibumba zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hatima yake haijulikani. Picha zake za mfululizo ule ziko Amsterdam.

Kioo kinapogeuzwa

Waandishi wa Katanga hawakuishia kuinyooshea Ulaya kidole. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Aprili 2025, aliandika riwaya ya Entre les eaux mwaka 1973. Mhusika wake, padri Pierre Landu, anaona kwamba Kanisa alilolitumikia limefungamana na wenye nguvu, anaingia msituni kujiunga na waasi, na huko nako anakuta usaliti. Mudimbe alifundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani, ambako mwaka 1988 alitoa The Invention of Africa, kitabu kinachochunguza jinsi Ulaya ilivyoiunda picha ya Afrika ili ijitazame yenyewe.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981 anayeishi Graz, Austria, alitoa riwaya ya Tram 83 mwaka 2014. Imejengwa juu ya klabu ya usiku katika mji wa migodi usiotajwa jina. Wanaingia wachimbaji, wanafunzi, majenerali, makahaba, na wageni wa kila taifa wanaofuata mawe. Ndani ya klabu hiyo hakuna anayehubiri ustaarabu. Kila mtu anauza na kila kitu kina bei.

Kati ya Kurtz na Tram 83 kuna zaidi ya karne moja, na wachimbaji wamebadilika. Union Minière ilitaifishwa na kuzaa Gécamines, Gécamines ikaanguka, zikaja kampuni za nje na kiu ya kobalti kwa ajili ya betri za simu na magari. Mwanza Mujila anaonyesha kwamba uozo ule haukuwa na rangi ya ngozi. Ulikuwa desturi ya kuchukua bila kuulizwa, na desturi hiyo ikarithiwa na wenyeji wenye nguvu.

Ushahidi na wasomaji wake

Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi na wakubwa wa kikoloni akazibandika juu ya picha za magofu ya Gécamines. Tangu mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimeendesha mradi wa kukusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida. Kazi ya kusimulia haijasimama.

Lakini swali la msomaji bado lipo. Heart of Darkness hufundishwa katika vyuo vikuu dunia nzima kama ushahidi wa anguko la maadili la Ulaya, ushahidi uliotolewa na Mzungu kwa Wazungu wenzake. Maandishi ya Yav yanashtaki jambo hilohilo kutoka jikoni, katika lugha inayoeleweka kutoka Lubumbashi hadi Mombasa, na yamewekwa pia mtandaoni bila malipo. Hata hivyo, wanaoyajua zaidi ni watafiti.

Conrad alifika akakaa miezi sita, na alichokiona kilimtosha kuandika kitabu kisichokufa. Yav na wenzake walikaa maisha yao yote ndani ya nyumba hizo. Wazungumzaji wa Kiswahili ni mamilioni, na hawahitaji mkalimani kuwasikiliza.